Besi Nyekundu Iliyokwenda Makebuko

Mwanangu Spesi,

"Mteja wa Muyinga hawezi kununua gitaa la besi lililojaribiwa na mwanamke. Tutamweka kijana apige, Spesi akae nyuma ya meza apokee watu. Hii ni biashara, dada, si makala yako."

Ndivyo mjomba wako Jervasi alivyoniandikia kwenye simu jana. Nilipokuonyesha, uliendelea kukunja nguo zako, ukasema, "Mama, si jambo kubwa. Nimeshakubali." Leo umetoka kuwaaga majirani, umeniacha na begi lililojaa nusu na sentensi hiyo ya mdogo wangu. Kesho asubuhi, gari likipata mafuta, utakuwa njiani kwenda Muyinga kufungua duka letu la pili. Kwa hiyo nina jioni hii tu.

Jervasi anakosea. Anamsemea mteja ambaye hajamwuliza. Amekaa Muyinga miaka mingi akiuza betri na redio, na sijasikia kwamba mtu alirudisha redio kwa kuwa iliwashwa na mwanamke. Atasema besi si redio. Kweli. Atasema kama wasemavyo wazee wa hapa Gitega: besi ni ngoma iliyotiwa nyaya, inaubeba wimbo mgongoni kama ngoma, na ngoma kwetu haipigwi na mwanamke. Hoja hiyo nimeisikia kanisani, nimeisikia harusini, na nimeisikia kwa msomi mmoja aliyeivalisha tai. Besi ilitengenezwa kiwandani ng'ambo ya bahari, ikachakaa mikononi mwa mtu tusiyemjua, ikatupwa ndani ya kontena pamoja na majokofu mabovu, ikashushwa Dar es Salaam, ikavuka mpaka pale Kobero ikiwa ndani ya gunia. Mila yetu ilikutana nayo wapi? Ilipanda gari kituo gani?

Unaona? Sijafika mbali na tayari nimepanda jukwaani. Hoja hii nimeishinda kwenye karatasi tangu hujazaliwa, na bado imeingia nyumbani kwangu kwa njia ya simu, ikakukuta unakunja nguo, nawe ukaikubali bila kuinua kichwa. Nimechoka, mwanangu. Sijachoka na wewe. Nimechoka kushinda mahali ambapo ushindi hauna kazi.

Mambo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya nani wa kumpigia simu ukiumwa, siyaandiki. Unayajua kuliko mimi, na mengine ulinifundisha wewe. Nataka kukuambia habari ambayo uliisoma kwenye makala yangu lakini hukuisikia yote, kwa sababu kipande chake kimoja sikukiandika.

Nianze nyuma kidogo. Hujawahi kuniuliza nilijifunzia wapi besi. Ulinikuta najua, kama watoto wanavyowakuta wazazi wao na pua. Nilijifunza kambini, Tanzania, tulipokuwa wakimbizi. Kwaya yetu ilikuwa na besi moja, mbao zake zilichongwa na fundi wa vitanda, na mwanzoni nyaya zake zilikuwa za breki za baiskeli. Siku moja mpigaji alikwenda kutafuta kibarua nje ya kambi, mwalimu wa kwaya akatazama huku na huku, akanipa mimi kwa kuwa nilikuwa nimekaa karibu. Basi. Hakuna aliyeuliza habari za mila. Tulikuwa watu wasio na ardhi wala ng'ombe, tusingeanza kuchagua jinsia ya mkono wa kushika mti.

Tuliporudi Burundi, nikiwa bado msichana, mzee mmoja aliniondolea besi begani kwa upole kabisa, kama mtu anayempokea mgeni mzigo. Akasema, "Binti, kule mlikuwa wageni. Sasa umefika nyumbani." Nimebishana na watu wengi wakali maishani na nimewasahau. Huyo mpole sijamsahau. Kama angenitukana ningemjibu. Alinikaribisha, nami nikaiachia besi.

Ndipo nilipoanza kuandika, na baadaye ndipo nilipoanza kuuza. Nilijiambia: kama hamtaki niipige, mtaipata kwangu. Nilijiona nimewashinda. Kila kwaya ya mkoa huu ikitaka besi inapanda hadi huku mtaani kwetu Musinzira kwa Mama Spesi. Lakini hukumbuki duka lilivyokuwa mwanzo, kwa hiyo nikuambie. Mwanzo nilipiga mwenyewe. Wanaume wawili walikuja, nikaichukua besi nikaanza kuwaonyesha, wakatazamana, mmoja akasema wamesahau kitu kwenye gari. Hawakurudi. Waliofuata nao walisahau kitu. Nilikuwa na wewe mgongoni na mchele umekwisha. Nikamtafuta Eliasi awapigie wateja.

Eliasi unamkumbuka, yule mwenye miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Anapiga vizuri, simnyimi haki yake. Lakini kupiga ni kitu kimoja na kulinganisha ni kitu kingine. Kulinganisha besi mbili zilizochakaa ilikuwa kazi yetu mimi na wewe, asubuhi, kabla ya duka kufunguliwa. Unashika besi bila umeme, maana umeme wenyewe ni huo tunaoujua, unaubana mwili wake kwenye mlango wa kabati la nguo, unapiga waya mmoja, kabati zima linaimba. Mimi naweka sikio kwenye mbao. Ndivyo tulivyozijua noti zinazokufa kabla ya wakati wake, na nyaya zilizochemshwa na mwuzaji ili zing'ae kwa siku chache kisha zirudie uzee. Kisha unaichungulia shingo kutoka kichwani kama seremala anayepima ubao, uone kama imekaa sawa. Kufikia darasa la sita sikio lako lilikuwa limenipita. Duka likifunguliwa tunaileta besi sebuleni, maana sebule ndiyo duka, tunamkabidhi Eliasi, na sisi wawili tunageuka watu wa kupangusa viti.

Sikuona ubaya. Niliita hiyo akili ya biashara. Kumbe ndiyo sentensi ya Jervasi hiyohiyo, mimi nimeiishi kabla yeye hajaiandika.

Sasa, besi nyekundu. Wewe ulikuwa shule ya bweni. Kamati ya kwaya kutoka Makebuko ilikuja, watu wanne, ikiongozwa na mzee Laurenti, mkulima aliyekulia Tanzania kama mimi, mtu mwema, Kiswahili chake kimenyooka kama mstari wa mahindi. Nilikuwa na besi mbili. Moja nyeusi, nyaya nne, rangi imebanduka pale mkono unapolala, lakini shingo yake safi. Nyingine nyekundu, nyaya tano, inang'aa kama gari la harusi. Ile nyekundu nilikuwa nimeichungulia mwenyewe. Shingo yake ilikuwa imejisokota, upande mmoja umezama, upande wa pili umeinuka. Kosa la namna hiyo halirekebishwi kwa ufunguo wala kwa sala. Karibu na kichwa inaimba vizuri. Ukishuka na vidole kupita katikati ya shingo, inaanza kukereza kama nyuki ndani ya kopo. Nilikuwa nimeiweka ile niiuze kwa mtu anayetaka vipuri.

Laurenti akaiona. Akaipapasa ubavuni kama ng'ombe wa maziwa.

"Mama Spesi, hii ina nyaya tano. Wenzetu wa ng'ambo ya bonde wana ya nyaya nne."

"Mzee, nyimbo zenu zina kazi gani na waya wa tano?"

"Bado hatujui. Lakini ikija kazi itakuta waya upo."

Wakacheka, na mimi nikacheka. Nikawaambia, "Chukueni nyeusi. Shingo ya nyekundu haikukaa vizuri."

"Mama, wewe ni mwenye duka, na mwenye duka ana lake," akasema Laurenti, bila dharau hata kidogo. "Tumwache fundi aseme."

Fundi, ndiye Eliasi, akaketi. Akaipiga nyekundu palepale juu, karibu na kichwa, pale anapopiga kila mtu wa kwaya, akatikisa mabega, kamati nzima ikaanza kugonga miguu.

"Wazee, mwaisikia iyi? Iko moto, sha! Hata malaika batainuka kwa viti!"

"Eliasi," nikasema, "shuka chini na shingo."

Akanitazama, akawatazama wao, akaona macho yao yalivyoipenda. "Mama, mi nasema banunue ile roho yabo inapenda. Si ndiyo, ba-papa?"

"Ndiyo!" wakasema.

Hapo, Spesi. Hapo hasa. Ningenyoosha mkono nikaichukua, nikashuka na shingo mpaka mwisho, wangesikia wenyewe ule mkerezo na habari ingekwisha. Nilikuwa nimesoma vitabu vyote vya kunifanya ninyooshe mkono. Nilichofanya ni kwenda kuleta Fanta.

Unaijua desturi yetu. Mkataba hufungwa kwa kinywaji, na watu wa kanisa wakija kinywaji ni Fanta. Chupa ikishafunguliwa, kuisema vibaya bidhaa ni kuwatukana wanywaji. Nilizifungua chupa kwa mkono wangu, moja baada ya nyingine, na kila kifuniko kilichodondoka kilinifunga mdomo zaidi. Wakaisifu besi, wakaniombea baraka, wakaifunga kwenye kitenge, wakaenda.

Mvua za masika zilipoanza, Laurenti alirudi na besi kwenye baiskeli. Nilijiandaa kubishana. Hakuja kubishana. Alikuja kuniomba radhi.

"Mama Spesi, tumeiharibu besi yako," alisema. "Lakini aliyeiharibu tumeshamjua. Kuna binti mmoja wa sauti ya pili, Anisia. Kumbe siku za katikati ya wiki alikuwa anaingia kanisani peke yake na kuipiga. Shingo ikapotoka. Mkono wa mwanamke, unajua. Tumemsimamisha kwaya."

Nilikaa chini. Nikamwambia yote: kwamba shingo ilikuwa imepotoka palepale sebuleni, kwamba mvua imeongeza tu, kwamba niliijua na niliwaambia nusu. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akanishika mkono.

"Mama, una huruma. Unataka kumtwalia yule mtoto mzigo wake. Lakini sisi tulikuwepo. Fundi aliipiga mbele yetu, ikaimba. Tukanywa."

Nifanye nini na mtu kama huyo? Nilimpa ile nyeusi badala ya nyekundu. Nikampa hoja pia, nyingi, zote nzuri. Akaichukua besi, hoja akaniachia. Wiki hiyohiyo nikaandika makala, ile unayoijua, ile ambayo mwalimu wako aliisoma darasani na wewe ukanipigia simu unalia kwa fahari. Niliipiga ile imani ya mkono wa mwanamke mpaka haikubaki na mfupa mzima. Watu waliniandikia kutoka Bujumbura. Mchungaji wa Makebuko mwenyewe alisema ni makala nzuri sana. Anisia akabaki amesimamishwa.

Kipande ambacho sikukiandika ni hiki. Nilikwenda Makebuko kumtafuta. Nilimkuta akipalilia maharage na mama yake, msichana wa umri wako, mrefu, vidole vya mtu aliyeumbwa kwa ajili ya besi. Nikamweleza habari ya shingo. Alisimamisha jembe, akanisikiliza. Nilitarajia ashukuru, au akasirike, kwa yote mawili nilikuwa na majibu.

Akasema, "Mimi nilidhani kweli ni mkono wangu."

Kisha akafikiri kidogo, akaniuliza, kwa utaratibu, kama mtu anayeuliza njia: "Sasa mama, kama ulijua, na wewe unajua kupiga, kwa nini siku ile hukuipiga?"

Niliinama nikang'oa gugu. Mimi, ambaye wahariri wananiomba nipunguze majibu. Mama yake akasema, "Anisia, usimsumbue mgeni," akaniletea viazi vitamu. Nilivila. Nikamwambia msichana arudi kwaya, nitazungumza nao, besi nyingine ipo. Akasema, "Aa, nimeshaacha," akarudi kwenye mstari wake wa maharage.

Laurenti na wenzake walimrudishia ruhusa baadaye, kimyakimya, bila kukiri lolote. Hakuitaka. Nimesikia ameolewa, anaishi upande wa pili wa kilima, na hata kuimba haimbi. Labda ana furaha, sijui, sina haki ya kumtungia huzuni. Ninachojua ni kwamba binti mmoja aliamini kwa miezi kadhaa kwamba mkono wake unapotosha mbao, na mtu mmoja tu aliyeweza kumwonyesha kinyume, kwa dakika moja, mbele ya watu wazima wanne, alikuwa jikoni anatafuta kifungulio cha chupa.

Sasa wewe unanikunjia nguo na kusema si jambo kubwa. Najua umejifunza wapi. Hukujifunza kwa Jervasi. Umekua ukiniona nikiandika jambo moja mezani na kufanya jingine sebuleni, na watoto husoma sebule kabla ya kusoma gazeti. Sikulaumu hata kidogo. Nakuambia tu kwamba kile ulichokiona kikionekana chepesi kilikuwa kizito, mimi nilikuwa nimekizoea mgongoni.

Sitakudanganya kuhusu upande wa pili. Ukipiga mwenyewe, wengine watasahau vitu kwenye gari. Watakaosahau ni wengi, hasa mwanzo. Utakaa na besi nzuri ukutani na mchele kidogo kwenye gunia, na mjomba wako atapita mlangoni akikohoa. Nilipokuwa na umri wako ningekuambia haki hushinda. Sasa sisemi hivyo. Nimeona haki ikipigiwa makofi na kuachwa palepale. Ninachoweza kusema ni kwamba wale watakaobaki wamekaa watakuwa wamekusikia, na mtu aliyesikia besi ikikereza kwa masikio yake huhitaji makala ya nani tena? Mimi nilitumia miaka kuwaambia watu. Ilitosha kuwasikilizisha.

Wala usimchukie Jervasi. Kambini alinibebea maji ili nibaki kwenye mazoezi ya kwaya, na alipigwa na wenzake kwa hilo, wakimwita mke wa dada yake. Anakupenda. Ametafuta chumba cha duka, amepaka rangi, amezungumza na madereva wa Kobero ili mizigo ianze kushukia kwenu kabla ya kuja kwetu. Ana hofu, na hofu yake ina sababu, kama yangu ilivyokuwa na sababu. Ndiyo maana inashawishi. Uoga usio na sababu tungeufukuza siku ya kwanza.

Jambo moja la kazi, halafu nimalize, kwa sababu nasikia sauti yako kwa jirani na hujui kuaga kwa muda mfupi. Ukilinganisha besi mbili mbele ya mteja, anza na ile anayoipenda, sio ile unayoipenda wewe. Nilianza na yangu, nikaonekana mwenye lake. Mpigie ile inayong'aa, mpigie yote, shuka pole pole, usiseme neno, usikunje uso panapokereza. Kisha mpe yeye aishike. Kisha chukua ya pili, piga wimbo uleule. Ukihisi hoja inakupanda kooni, imeze. Nimekurithisha mdomo, nisamehe. Lakini vidole hivyo si vyangu, ni bora kuliko vyangu.

Jumamosi kamati ya kwaya ya Mwakiro inakuja Muyinga kuchagua besi. Ndio wateja wenu wa kwanza. Wamekulia Tanzania wengi wao, ni wakulima, ni watu wema kama Laurenti, na huenda nyuma yao, kwenye baiskeli au mlangoni, kuna msichana wa sauti ya pili. Nataka uichukue besi wewe. Kabla ya kinywaji, kabla ya salamu kuwa ndefu. Sikuombi, Spesi. Nilishakuombea mengi kwa watu, hili nakudai wewe.

Nawe Jervasi, ambaye utaifungua barua hii kabla mpwa wako hajaimaliza, kama ulivyofungua zangu zote tangu utotoni: kijana uliyemtafuta ni kijana mzuri, mlipe nauli yake na umshukuru. Mwambie asije Jumamosi.

Mama